Kilio cha Mkanda wa Injini

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maradhi ya chombo ni sauti yake. Gurudumu la mkokoteni lililokosa mafuta hulia; bawaba ya mlango iliyoshika kutu hulia; na mkanda wa injini uliolegea hulia kuliko vyote. Mwenye motokaa ya zamani aliyepata kuisikia sauti hiyo asubuhi yenye umande haisahau. Huanza ghafula injini iwashwapo, kali na nyembamba, ikawageuza shingo wapita njia, kisha aghalabu hupungua na kutoweka kabla motokaa haijafika mwisho wa mtaa. Kwa kuwa hutoweka, hudharauliwa. Na kwa kuwa hudharauliwa, hurudi. Mwishowe huja siku ambayo sauti hutoweka kwa sababu mkanda wenyewe umekatika, na motokaa imesimama mahali pasipo na maji wala gereji.

Watu wengi huuhesabu mkanda unaolia kuwa ndio mkosaji. Huukaza, huupaka sabuni, au huutupa na kununua mwingine. Na mpya huo ukianza kulia baada ya wiki mbili, hulaumiwa aliyeuuza. Historia ya mkanda yaonyesha kinyume cha fikira hiyo. Mkanda ni shahidi kuliko kuwa mkosaji. Umefungwa baina ya vitu viwili au vitatu vinavyozunguka, na kila kimoja kikipata dhiki, mkanda ndio unaoisema dhiki hiyo. Kila zama ilibuni dawa ya kumnyamazisha shahidi huyu, na kila zama ililipa gharama ya ukimya ilioununua.

Mkanda ni mkubwa wa umri kuliko motokaa kwa karne nyingi. Wanahistoria wa ufundi hutaja maandishi ya Yang Xiong, mwanachuoni wa China aliyefariki mwaka 18 baada ya Kristo, kuwa yana habari za chombo cha kukunjia uzi kilichozungushwa kwa mkanda. Gurudumu la kusokotea uzi, lililoenea Asia na kufika Ulaya katika zama za kati, lilikuwa mkanda mtupu: gurudumu kubwa lilizungushwa kwa mkono, na uzi uliopita juu yake ukakizungusha mbio kijiti kidogo upande wa pili. Mwanamke aliyeketi mbele ya gurudumu hilo aliijua siri yote ya mkanda bila kuandikiwa kitabu. Uzi ukilegea, gurudumu huzunguka na kijiti kisitii; ukikazwa mno, mkono huchoka na kijiti hulika upesi katika kishikio chake. Kati ya kulegea na kukazwa mno pana mahali padogo pa sawa, na ufundi ni kupajua mahali hapo.

Viwanda vilipoanza kukua katika karne ya 18 na ya 19, nguvu ya gurudumu la maji au ya injini ya mvuke ilibidi igawanywe kwa mamia ya mitambo ndani ya jengo moja. Hapo kwanza kazi hiyo ilifanywa kwa magurudumu ya meno ya chuma, mazito, yenye makelele, na yenye kuvunjika. Mwaka 1828 fundi Paul Moody, katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, aliuendesha mtambo wa kiwanda cha Appleton kwa mikanda mipana ya ngozi badala ya magurudumu hayo. Mfano wake ulifuatwa na viwanda vingi vya Marekani. Fito ndefu za chuma zililazwa chini ya dari, na kutoka kila fito mikanda ya ngozi ikateremka hadi mitamboni kama mizizi itafutayo ardhi.

Mkanda ulikuwa na fadhila ambayo meno ya chuma hayakuwa nayo. Mtambo ukikwama ghafula, meno huvunjika, mkanda huteleza. Kuteleza huko ni huruma yake, maana huokoa mtambo na pengine mkono wa mtu. Lakini huruma hiyohiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa mkanda unaoteleza kila siku huungua polepole, hupoteza nguvu njiani, na hulia. Chumba cha kufumia nguo kilichokuwa na mikanda mia moja kilikuwa na vilio vya namna nyingi, na msimamizi hodari aliweza kujua kwa sikio ni mtambo gani uliozidiwa na kazi.

Si wasimamizi wote waliosikiliza hivyo. Dawa iliyokuwa karibu ilikuwa utomvu mkavu wa msonobari uliosagwa. Mkanda ulipolia, unga wake ulirushwa juu ya ngozi iliyokuwa ikikimbia, na mara ile kilio kilikoma na mtambo ukashika mwendo. Baada ya muda utomvu ulikauka, ukanasa vumbi la pamba, ukawa gamba gumu. Ngozi ikapasuka, na mkanda ukateleza zaidi ya kwanza. Mafundi waangalifu walikataza jambo hilo. Wao waliusimamisha mtambo, wakausafisha mkanda, wakailainisha ngozi kwa mafuta kidogo, wakaupunguza urefu wake na kuushona upya, kisha wakatazama kama fito mbili zimelazwa sambamba. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kurusha unga, nayo ilikuwa salama zaidi, kwani mkono uliokaribia mkanda uendao uliweza kunaswa. Sheria ya viwanda ya mwaka 1844 nchini Uingereza iliamuru mitambo izungushiwe vizuizi kwa sababu watu, na hasa watoto na wanawake, walikuwa wakiumizwa na kuuawa na fito na mikanda.

Wakati mafundi wakijifunza kwa sikio, wanahesabu walikuwa wamekwisha kuipata sababu kwa kalamu. Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi wa karne ya 18, alipima jinsi kamba inavyoshika gogo ilimozungushwa, na mwaka 1808 Johann Albert Eytelwein wa Ujerumani akaieleza kanuni hiyo kwa matumizi ya mafundi. Mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki waliijua kwa vitendo. Mtu mmoja hawezi kulizuia jahazi linalovutwa na maji kwa nguvu za mikono yake, lakini akiizungusha amari mara tatu katika gogo la gatini, hulizuia huku amesimama. Kila mzunguko huzidisha nguvu ya mshiko, hauongezi tu. Ikiwa msuguano wa kamba na gogo una kipimo cha 0.3, mizunguko mitatu hufanya upande mmoja uhimili mvuto unaozidi wa upande wa pili kwa zaidi ya mara 280.

Mkanda wa mtambo hauna bahati hiyo, kwa kuwa haukumbatii gurudumu lake zaidi ya nusu mzunguko au karibu na hapo. Kwa msuguano uleule wa 0.3 na nusu mzunguko, upande uliokazwa waweza kuuzidi upande uliolegea kwa mara mbili na nusu tu, na zaidi kidogo. Kazi ikizidi hapo, mkanda huteleza. Kwa hiyo yako mambo matatu tu yanayouwezesha kushika: ukubwa wa sehemu uliyoikumbatia, ukali wa msuguano, na mkazo uliofungwa nao tangu mwanzo. Ye yote atafutaye sababu ya kilio cha mkanda hana budi kuitafuta katika moja ya mambo hayo matatu, au katika kazi iliyozidi uwezo wa yote matatu.

Ngozi hatimaye ilipishwa na mpira, na mpira huo una historia nzito. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti cha unga na kutiwa moto huacha kuyeyuka kwa joto na kupasuka kwa baridi. Hati ya ugunduzi wake ilitolewa mwaka 1844. Baada ya magurudumu ya upepo ya baiskeli na ya motokaa kuenea, dunia ilitaka mpira kwa uroho. Katika Kongo iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu mwaka 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kwa bunduki na mjeledi kugema mpira wa mitambaa ya mwituni, na wengi walikufa au kukatwa mikono. Katika milima ya Usambara na pwani ya Tanga walowezi wa Kijerumani walipanda mashamba ya mpira, lakini mwaka 1913 bei ilianguka, kwa maana miti ya Malaya na Seiloni, iliyotokana na mbegu alizozitoa Henry Wickham nchini Brazil mwaka 1876, ilikuwa imeanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu. Mkanda unaotupwa jaani bila kuchunguzwa si kitu kilichopatikana bure.

Hatua iliyoukaribisha mkanda katika motokaa ilifanyika mjini Denver, katika jimbo la Colorado, mwaka 1917. John Gates, ambaye kampuni ya ndugu yake ilikuwa ikitengeneza vitu vya ngozi na mpira, alitengeneza mkanda wa mpira na nguo wenye umbo la kabari: mpana juu, mwembamba chini. Mkanda huo haukukaa juu ya gurudumu. Uliingia ndani ya mfereji wake na kubanwa na kuta mbili. Kabari ikivutwa ndani, kuta huishika kwa nguvu zaidi, na mvuto ukizidi, mshiko huzidi pamoja nao. Katika mfereji wa nyuzi 38, msuguano uleule wa 0.3 hufanya kazi kana kwamba ni 0.9, na ile mara mbili na nusu ya mkanda bapa hupanda kufika mara 18. Kwa umbo peke yake, bila kubadili kitu kingine, mkanda mwembamba wa kidole uliweza kufanya kazi ya ngozi pana.

Hesabu hiyo ina sharti moja ambalo husahauliwa mara nyingi. Mkanda wa kabari hushika kwa mbavu zake wala si kwa tumbo. Ukilika hata ukashuka na kugusa sakafu ya mfereji, kabari si kabari tena. Mkanda umerudi kuwa bapa, na hauna upana wa kutosha kuifanya kazi ya mkanda bapa. Hapo hulia, hata ukikazwa namna gani. Fundi anayejua hutazama sakafu ya mfereji kabla hajatazama kitu kingine. Ikiwa ina mng'ao wa fedha, mkanda unalala chini, na ama mkanda ama gurudumu limekwisha.

Motokaa za kwanza zilihitaji kidogo kutoka kwa mkanda. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, ilikuwa na mkanda bapa uliozungusha feni tu. Karibu zote hazikuwa na pampu ya maji, kwani maji yalipanda yakipata moto na kushuka yakipoa. Mkanda huo ukiteleza, injini ilipata joto kidogo na dereva akaendelea na safari yake. Mambo yalibadilika umeme ulipoingia. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuzwa ikiwa na kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering, na dereva akaokoka na mpini wa kuzungusha kwa mkono uliokuwa ukivunja mikono ya watu. Kiwashio kilitaka betri, betri ikataka jenereta ya kuijaza, na katika motokaa nyingi jenereta ikafungwa kwenye mkanda. Ford Model A, iliyotokea mwishoni mwa mwaka 1927, ilikuwa na mkanda mmoja wa kabari uliozungusha feni, pampu ya maji na jenereta kwa pamoja.

Tangu hapo mizigo iliongezeka mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1951 Chrysler ilileta usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta katika motokaa ya Imperial. Mwaka 1960 motokaa ya Valiant ya kampuni hiyohiyo ilitoka kiwandani ikiwa na alteneta badala ya jenereta ya zamani. Alteneta hutoa umeme mwingi hata injini ikiwa katika mwendo wa polepole, na umeme mwingi maana yake ni mvuto mwingi juu ya mkanda. Zikaja pia kompresa za kupoza hewa. Injini iliyokuwa na mkanda mmoja ikawa na miwili, mitatu, hata minne, kila mmoja ukiwa na sauti yake. Na fundi aliyezoea kuuliza kama mkanda unalia alilazimika kuuliza ni upi unaolia.

Katika motokaa zote za zamani hakuna iliyouonyesha uzito wa jambo hili kuliko Volkswagen ile ya umbo la kobe. Injini yake, iliyowekwa nyuma, haina maji wala rejeta. Hupozwa na upepo wa feni, na feni hiyo imefungwa kwenye fito lilelile la jenereta. Mkanda mmoja tu hutoka kwenye puli ya injini chini na kupanda kwenye puli ya jenereta juu. Mkanda huo ukikatika, mambo mawili hutokea kwa pamoja: umeme hukoma na upepo hukoma. Taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Katika motokaa nyingine taa hiyo ya umeme humwambia mtu kwamba betri haijazwi, naye aweza kuamua kuendelea hadi kijiji cha mbele. Katika Volkswagen taa hiyohiyo yaweza kumwambia kwamba injini imeanza kuungua. Dereva hana budi kusimama, kushuka, na kutazama nyuma kama mkanda upo. Aliyedhani ni jambo la betri peke yake aliweza kulipa injini nzima kwa thamani ya kipande cha mpira.

Motokaa hiyo iliaminiwa sana katika njia za Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika yalishindwa na Volkswagen miaka ya 1954, 1957 na 1962. Katika vumbi na matope ya njia hizo mkanda ulikuwa na adui wawili: mchanga uliolika mbavu zake, na maji ya mito yaliyoifanya iteleze. Washindani na madereva wa kawaida vilevile walibeba mkanda wa akiba, na spana ya kuufungia, kama vile baharia asivyosafiri bila sindano ya kushonea tanga.

Namna ya kuukaza mkanda wa Volkswagen yafaa kuelezwa, kwa sababu inafundisha. Puli ya jenereta imegawanyika nusu mbili, na baina ya nusu hizo hutiwa washa nyembamba. Washa zikiwa nyingi katikati, mfereji huwa mpana na mkanda huzama. Washa moja ikitolewa, kuta husogeleana, mkanda hupanda juu na kukazika. Washa iliyotolewa haitupwi. Huwekwa upande wa nje chini ya nati, ili idadi ibaki ileile na ipatikane siku ya kufunga mkanda mpya. Hivyo umri wa mkanda huandikwa katika washa zake. Fundi akikuta karibu zote ziko nje, ajua kwamba mkanda umekwisha kulika, na kwamba kuukaza zaidi ni kuahirisha. Kipimo ni kidole gumba: mkanda ukisukumwa katikati ya puli mbili hushuka kiasi cha milimita 15. Katika injini nyingine za zama hizo vitabu vilitaja kama nusu inchi, kwa kadiri ya umbali wa puli na puli.

Uchunguzi wa kilio una utaratibu, na utaratibu huo umetokana na historia iliyokwisha kuelezwa. Jambo la kwanza ni kusikiliza kilio ni cha namna gani. Mlio mrefu wa kukereza, unaokuja injini inapowashwa au taa kubwa zinapofunguliwa au mafuta yanapokanyagwa ghafula, ni mlio wa kuteleza. Mkanda hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara mamia kwa nukta moja, na mtetemeko huo ndio sauti. Ukitoweka baada ya dakika chache, sababu yajulikana: betri iliyotoa nguvu kuwasha injini hudai kulipwa, jenereta huwa nzito hata deni lipungue, kisha mzigo huwa mwepesi na mkanda hunyamaza. Kunyamaza huko si kupona. Ikiwa kila asubuhi deni ni kubwa, yafaa betri nayo ichunguzwe, maana huenda ndiyo inayokufa na mkanda unaililia.

Mlio mfupifupi, kama wa kifaranga, unaofuatana kwa mpango na kuharakisha injini iharakishapo, ni jambo jingine. Huo ni mlio wa puli zisizolingana. Mkanda huingia katika mfereji kwa upande na kujisugua ukutani kila unapoingia. Kuukaza hakusaidii; huzidisha. Fundi huweka fimbo iliyonyooka juu ya nyuso za puli mbili na kutazama mwanga upitao kati. Aghalabu hukuta kishikio cha jenereta kimepindika, au bolti yake imelegea, au puli imerudishwa bila washa yake baada ya matengenezo. Mlio wa tatu ni wa kunguruma na kusaga, na huo mara nyingi si wa mkanda hata kidogo, bali ni wa beringi za pampu ya maji au za jenereta. Mkanda hutolewa, injini huwashwa kwa muda mfupi sana, na sauti ikitoweka, kila puli huzungushwa kwa mkono ili ijulikane iliyo na mkwaruzo au mchezo.

Maji machache hutenganisha aina mbili za kwanza. Injini ikiwa inazunguka, na mtu akiwa amesimama mbali na feni, mikono na nguo zake zikiwa mbali pia, maji kidogo hunyunyizwa juu ya mbavu za mkanda. Kilio kikizidi, mkanda unateleza, kwa sababu maji yamepunguza msuguano uliokuwa umebaki. Kilio kikitoweka kwa muda na kurudi maji yakaukapo, puli hazilingani, kwa sababu maji yalilainisha ukuta uliokuwa ukisuguliwa. Jaribio hilo halina gharama, na hutoa jibu ambalo mikanda mitatu mipya isingelitoa.

Hatimaye injini huzimwa, na mkanda huangaliwa kwa macho na kwa vidole. Mbavu zinazong'aa na kuwa ngumu kama kioo zimeungua kwa kuteleza, na mpira ulioungua haushiki tena hata ukikazwa. Mbavu zilizovimba na kulainika zimeguswa na mafuta, nayo mafuta yana mahali yanakotoka. Neopreni, mpira wa maabara uliopatikana mwaka 1930 katika kampuni ya DuPont na kundi la Wallace Carothers, ulipendwa kwa mikanda kwa sababu huvumilia mafuta kuliko mpira wa mti. Lakini kuvumilia si kutodhurika. Ubavu mmoja ukilika kuliko wa pili, ushahidi wa kutolingana umekamilika.

Dhidi ya taratibu hiyo yote kuna njia ya mkato, nayo ni mtoto wa ule unga wa msonobari wa viwandani. Sabuni ya kufulia, nta ya mshumaa, grisi, na dawa za kunyunyiza zilizouzwa katika makopo zimetumika katika nchi nyingi kuunyamazisha mkanda. Sabuni na grisi huondoa kilio kwa kuondoa msuguano, na msuguano ndio kazi yote ya mkanda; kilio kimekwisha na kupoza injini kumekwisha pamoja nacho. Dawa zenye kunata hushika leo na kukusanya vumbi kesho. Njia ya pili ya mkato ni kukaza kupita kiasi. Mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze haulii, lakini huvuta beringi za pampu na za jenereta mchana na usiku, na baada ya miezi kadhaa mwenye motokaa hununua pampu asijue kwamba aliivunja siku aliyofurahia ukimya. Mficha maradhi, wasema wahenga, kilio kitamuumbua.

Hasara hizi huanguka juu ya mtu, wala haziishii katika chuma. Mwenye motokaa moja ya zamani inayomletea riziki hupoteza siku za kazi injini ikiungua. Fundi asiyechunguza huuza mkanda juu ya mkanda, na kila mmoja humpunguzia mteja imani, hata siku atakaposema kweli kwamba pampu imekufa asisadikiwe. Kazi ya kusikiliza ni sehemu ya uaminifu wa ufundi, kama mizani ilivyo sehemu ya uaminifu wa duka.

Tangu mwaka 1979, Ford ilipoutia katika Mustang mkanda mmoja mrefu wenye mifereji midogo mingi unaopita puli zote kama nyoka, mikanda mingi ya kabari ilianza kutoweka katika motokaa mpya. Chuma chenye springi huukaza mkanda huo wenyewe, bila kidole gumba wala washa. Mpira wake nao ulibadilishwa katika miaka iliyofuata; mikanda ya sasa haipasuki nyufa kama ya neopreni, bali hulika kidogo kidogo kwa ndani kama tairi, na jicho lisilo na kipimo haligundui. Ni maendeleo ya kweli, maana hudumu zaidi na hulia kidogo. Lakini springi ile huendelea kuficha ulegevu hadi uwezo wake wa kukaza unapokwisha, na mkanda unaozungusha kila kitu ukikatika, kila kitu husimama kwa mara moja.

Motokaa za zamani zingali zinaendeshwa na kutunzwa, na mikanda yake ingali inalia asubuhi za baridi. Vijana wanaozifungua leo huweza kuona aibu kwa kelele hiyo na kutamani ikome mbele za watu. Wangefanya vyema kuiacha ilie kwa dakika moja zaidi, wakiwa wamesimama kando ya injini, ili wajue inalia wakati gani, kwa mzigo gani, na kutoka puli ipi. Mkanda hauna ulimi mwingine, na hausemi ila lile lililoupata.